Kutu ya Rangi ya Fedha

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji,

Nimekupigia simu mara kumi na moja tangu Alhamisi na hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingepokea hata ya kwanza. Nimeona niandike, maana karatasi haikatwi katikati ya sentensi, na maana kuna maneno ambayo mdomo wangu ukiyakaribia unageuza na kurudi nyumbani.

Dada yako hajambo, bado ni nesi palepale hospitali, siku hizi wamempeleka wodi ya majeruhi. Mtoto ametimiza miaka sita na ameanza shule. Kila jioni anatufundisha sisi. Tumesikia magoti ya Mama yanasumbua. Mpe pole yangu, ingawa najua vitu vyangu hapokei.

Sasa kilichonileta. Lile gari jekundu la spoti la yule mama, Daktari wa Meno, limerudi gereji. Ndiyo, lilelile lililokufukuzisha kazi hapa. Fundi aliyekuwa akilihudumia miaka yote hii amehama mji, ndiyo Daktari akarudi kwetu. Taa ya injini inawaka, na mashine ya kupimia inatoa kodi ya hitilafu ileile ya wakati wako: sensa ya kile kilango kinachoingiza hewa kwenye injini, volti hazieleweki. Nikiifuta inakaa siku mbili, inarudi. Afadhali kodi ya nyumba, yenyewe husubiri mwisho wa mwezi.

Nimebadilisha sensa. Nimebadilisha kilango chenyewe. Nimebadilisha betri. Daktari anasema taa hiyo ameshaizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele, lakini siku hizi injini inamkatikia njiani, na hilo hawezi kulizoea. Juzi Bosi aliniuliza mbele ya mafundi, "Ukishindwa wewe msimamizi, ataweza nani?" Jibu nalijua, liko huko kwenu linafunga mota za pampu za maji.

Nisaidie, Shemeji. Umeme ulikuwa wako, mimi ni mtu wa bolti. Yale mengine ya zamani tutayaongea siku moja.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi.

Shemeji yako,
Spana


Jumatano, 6 Machi

Fundi,

Mama anaendelea.

Taa inawaka injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Feni ikizunguka na taa kubwa zikiwashwa, inazidi? Stata inapiga kwa nguvu au inajivuta? Umepima nini, au umebadilisha tu?

Waya


Ijumaa, 8 Machi

Shemeji,

Asante. Barua yako haijai hata kiganja lakini nimeisoma mara tatu.

Inawaka ikishapata moto. Ukiwasha taa kubwa na feni ikaingia, inawahi zaidi. Stata asubuhi inajivuta. Nilidhani betri, ndiyo nikaibadilisha. Kupima sijapima. Hapo umenishika. Fundi anayebadilisha bila kupima ananyoa mtu gizani.

Ulipoondoka tulileta mafundi umeme watatu, hakuna aliyekaa. Wa mwisho alikuwa anazisemesha nyaya badala ya kuzipima. Ulikuwa unanikera, nikwambie kweli. Kila kitu "tupime kwanza, tupime kwanza." Siku hizi nikisikia mtu ameweka mita mezani nageuka nikidhani ni wewe.

Daktari amekuja leo mchana. Ana kliniki yake, wagonjwa wamepanga foleni wameshika mashavu, hawezi kuzungushwa na teksi kila siku. Bosi alikuwa amesimama palepale. Nikafuta kodi, taa ikazima, nikampa ufunguo. Nikamwambia aendeshe wiki hii tuone. Bosi akadakia, "Limepona hilo, Daktari." Sikumsahihisha.

Atanirudishia Ijumaa ijayo. Nielekeze nipime wapi.

Spana


Jumatatu, 11 Machi

Fundi,

Ncha moja ya mita iweke kwenye hasi ya betri. Nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, injini haina njia nzuri ya kurudisha umeme. Umeme wa stata ukikosa njia kubwa, unajipenyeza kwenye nyaya nyembamba za sensa, na zile hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kisha ufuate ule waya mnene wa ethi, unaorudisha umeme kutoka giaboksi kwenda kwenye bodi. Unajua ulipofungwa. Uliufunga wewe.

Waya


Alhamisi, 14 Machi

Shemeji,

Naandika haraka, nivumilie mwandiko.

Juzi Jumanne saa nane mchana gari lilimkatikia Daktari kwenye mteremko wa daraja. Injini ilizima, usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu kama jiwe, na nyuma yake kulikuwa na lori. Akalikwepa, akaparamia ukuta wa pembeni. Yu hai. Kifundo cha mkono kimevunjika. Mkono wa kulia, Shemeji, na huyu ni mtu wa kung'oa meno.

Barua yako niliipata asubuhi ya siku hiyohiyo. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilisema nikishakula nitampigia simu alirudishe gari.

Limevutwa mpaka gereji. Nimepima kama ulivyosema: volti mbili na ushee. Nikajilaza chini nikaufuata ule waya. Pale unapofungwa kwenye breketi, kile chuma kinachoshikilia giaboksi, kulikuwa na kutu. Nimesugua kwa msasa, nimefunga upya, sasa mita inasoma karibu na sifuri, stata inapiga kama gari jipya. Kodi nimeisubiri siku nzima haijarudi. Bosi nimemwambia ni kutu, gari la zamani, mambo hutokea.

Umeniokoa. Sijui nikushukuru vipi.

Spana


Jumamosi, 16 Machi

Fundi,

Pole kwa Daktari.

Kutu ya rangi gani? Ya kahawia, ya kijani, au ya rangi ya fedha?

Waya


Jumatatu, 18 Machi

Mdogo wangu,

Sina uhakika kama bado naruhusiwa kukuita hivyo. Ni mimi niliyesimama mlangoni pangu, nina mtoto wa wiki tatu mikononi, nikakwambia usikanyage tena hapa mpaka ujifunze kukiri kosa lako. Nimeyakumbuka maneno hayo tangu jana, neno kwa neno, na sauti niliyotumia.

Jana nikitoka kazini nilipita ofisi ya mabasi, wakanipa bahasha. Mwandiko wako niliutambua kabla sijaishika, hizo K zako zinazorusha teke. Nilidhani mnapatana na mmenificha, nikafurahi njia nzima. Nyumbani nikaifungua, nikakuta mistari miwili kuhusu kutu.

Nikamuuliza mume wangu, "Kutu ya rangi ya fedha ndiyo ipi?" Alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Mambo ya kazi hayo."

"Kazi gani hiyo inayokufanya usinitazame?"

Akachukua ndoo akatoka kumwagilia maua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Na kuna jingine. Daktari wa Meno aliletwa wodini kwangu. Mimi ndiye niliyemshika bega wakati wanamnyoosha mfupa. Hakulia. Alisema tu, "Mumeo na bosi wake waliniambia limepona." Nikamwambia ni bahati mbaya, kama tunavyowaambia wagonjwa wote. Ilikuwa bahati mbaya kweli? Nakuuliza wewe. Miaka yote sita sijawahi kukuuliza kitu, nilikuwa nakwambia tu. Hata Mama nikimpigia simu ananijibu kwa mkato, na najua ananihukumu kwa kukufukuza. Ana haki.

Nijibu.

Dada yako


Jumatano, 20 Machi

Dada,

Huo ni utani wa mafundi. Chuma kikisuguliwa kinang'aa rangi ya fedha, ndiyo hivyo tu. Usimbane mumeo kwa ajili ya barua yangu.

Mama hakuhukumu. Msalimie mtoto. Na bahasha za watu usifungue.

Mdogo wako


Jumamosi, 23 Machi

Shemeji,

Juzi dada yako alinisomea jibu lako mezani. Akauliza, "Kwa hiyo ni utani?" Nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikaenda bafuni, nikafungulia bomba, nikasimama tu huku maji yanamwagika. Mtu niliyemvunjia kazi na udugu bado ananifunika blanketi. Hapo ndipo nilipoishiwa.

Haikuwa kutu. Ilikuwa rangi yangu.

Wewe unajua, lakini acha niandike. Miaka sita iliyopita niliposhusha giaboksi ya lile gari ili nibadilishe klachi, niliipaka breketi rangi ya fedha. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka ing'ae, Daktari akiinama aseme hawa wanajali. Kisha nikafunga ethi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hilo analijua hata anayeuza rangi. Baada ya wiki, ile kodi ikaanza, ukakabidhiwa wewe uitafute. Ukaniuliza, mita iko mkononi mwako: "Chini ya ethi uliikwangua rangi?" Nikasema niliikwangua. Ilikuwa rahisi kuliko kulala tena chini ya lile gari. Kesho yake nyaya zikaungua pamoja na kompyuta ya injini, na aliyeonekana ameshika nyaya ni wewe.

Bosi alipouliza mbele ya wote huu ni mkono wa nani, nilitazama viatu vyangu. Vya kahawia, cha kushoto kimetoboka kidoleni. Mengi ya mwaka ule nimeyasahau, lakini viatu hivyo ukinipa kalamu nitakuchorea. Ukatoka getini na boksi lako la vifaa, nami nikaendelea kuvitazama.

Juzijuzi hapa nikisugua na msasa, unga wa fedha ulinimwagikia usoni. Nilimeza mwingine. Nikainuka, nikanawa, nikaenda kusema kutu.

Jana asubuhi kabla kazi haijaanza nilimwambia Bosi. Nilihakikisha mafundi wote wapo, maana wewe ulifukuzwa wote wakiwepo. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, akasema, "Na mimi nikamwambia yule mama limepona." Kisha akanyoosha mkono. "Ufunguo wa stoo." Nikampa. Mimi si msimamizi tena. Nimepewa kazi ya kubadilisha oili, na hiyo ni huruma yake.

Jioni nilimwambia dada yako. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote, zake na za mtoto akazipeleka kabatini, zangu akaziacha kwenye kiti. Tangu hapo tunaongea kuhusu mtoto tu.

Kwa Daktari bado. Nimefika getini kwake mara mbili, mkono unakataa kugonga.

Sikuombi msamaha. Ukinisamehe nitajisikia vizuri, na muda wake haujafika. Nilitaka ulisome kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Spana


Jumatatu, 25 Machi

Shemeji,

Jana nzima nilikaa na barua yako, mota ya mtu iko wazi mezani, sikufunga hata nyuzi mbili.

Nilijua, ndiyo. Wakati ule nakuuliza, rangi nilikuwa nimeshaiona kwa tochi. Nilitaka useme mwenyewe. Uliposema umekwangua, nikanyamaza. Mtu akisikia atadhani nilinyamaza kwa sababu Dada alikuwa amejifungua juzi na wewe ndiye uliyekuwa unaibeba nyumba. Hata mimi nimejisimulia hivyo miaka yote. Ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ni kiburi. Nilijiona mkubwa mno kuchongea mtu. Nilisimama pale nikisubiri aibu ikushike mwenyewe, na ilipochelewa nikaondoka nimenuna.

Tena sikunyamaza kila mahali. Mama nilimwambia, nikamwapisha asimwambie Dada. Na nilipoona inamwingia, nikamwongezea. Nilimwambia kwamba nikitoka getini ulinicheka. Hukucheka, Shemeji. Ulikuwa unatazama viatu, nilikuona. Kwa ajili ya kicheko hicho Mama hajawahi kufika kumwona mjukuu wake. Dada anadhani anahukumiwa yeye. Ni wewe unayechukiwa, na chuki hiyo nimeilisha mimi ikanenepa.

Ngoja, baya zaidi halijafika.

Barua yako ya kwanza, kabla sijaimaliza nilishajua gari linaumwa nini. Ningeandika mstari mmoja: kakwangue rangi chini ya ethi. Ningepokea simu tu. Badala yake nikakuuliza maswali kama mwalimu, baridi au moto, feni, stata. Nilitaka ulale chini uiguse kwa mkono wako. Nilikuwa nasubiri basi lilete majibu yako kwa hamu, na hamu yenyewe haikuwa nzuri.

Uliponiandikia kwamba umempa Daktari ufunguo, nilijua linaweza kumzimikia popote. Nilijua Jumamosi. Namba yako ninayo. Nikakaa mpaka Jumatatu, nikaandika, na hata hapo sikuandika "mnyang'anye ufunguo." Niliufikiria mstari huo. Nikasema, mwache alisome somo lake. Anayelisoma sasa ni yule mama, na mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nimekufunika blanketi.

Getini usiende peke yako. Nitakuja Alhamisi kwa basi la saa nne. Kwenu sitafikia. Tukutane hapohapo kwa Daktari.

Waya


Jumapili, 31 Machi

Mume wangu,

Kile kikaratasi nilichokuachia juu ya friji nilikiandika nimesimama. Sasa nimekaa. Simu nimezima makusudi, tuko salama kwa Mama, mtoto anakula kuliko mimi.

Alhamisi nilikuwa nimepika ya watu wanne. Nikasimama dirishani nikakuona unarudi peke yako. Nikakuuliza yuko wapi, ukasema stendi. Nikaandika kile kikaratasi, nikamshika mtoto mkono, nikabeba pochi, nikatoka na ndala za bafuni. Nilimkuta kwenye foleni ya tiketi. Akanitazama miguuni.

"Dada, watu watakucheka."

"Wacha wacheke. Sogea, nami nakata."

Basi likaondoka. Kisha nikamwambia nililopaswa kumwambia pale mlangoni. Sikumfukuza kwa sababu niliamini ana kosa. Wiki ile hukuwa ukila, ukiitwa unashtuka, ovaroli unazivulia nje. Nilikaa na wewe nyumba moja, mume wangu, na mimi nesi, kazi yangu ni kutazama watu. Nilijua kuna kitu. Nilimfukuza yeye ili nisikuulize wewe. Sasa tumekuwa watatu wenye aibu, na yangu ndiyo iliyokaa kimya kuliko zenu.

Alinisimulia yaliyotokea kwa Daktari, kwa kuwa wewe hukuweza. Kwamba hakuwakaribisha kukaa. Kwamba kila mmoja wenu alijitwisha kosa zima, mkaanza kubishana palepale sebuleni ni nani mbaya zaidi, mpaka akawauliza, "Mnagombea mkono wangu?" Kwamba hakuwasamehe, alisema atafikiri, na gari hataki kuliona tena. Lakini mlipofika mlangoni alimwita mdogo wangu akamwambia, "Wewe nilikusema vibaya kwa kila mgonjwa aliyefungua mdomo kwenye kiti changu. Hilo ni langu, siwapi nyinyi."

Jana asubuhi mdogo wangu alimwambia Mama, mimi nikiwepo, kwamba hukucheka. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka tukadhani hakusikia. Kisha akasema, "Miaka sita namchukia mtu kwa kicheko kisichokuwepo." Akauliza kama hayo mengine, ya rangi na ya kunyamaza, ni kweli. Tukasema ni kweli.

"Basi hayo yana mwenyewe," akasema. "Mwenyewe ayalete."

Mtoto na bibi yake walitazamana siku nzima ya kwanza kama wageni wa hoteli moja. Jana jioni mtoto akamuuliza kwa nini hakuja siku zote hizo. Mama hakumdanganya. Alisema, "Nilikuwa nimekasirika." Mtoto akauliza kama hasira imeisha. Akasema, "Bado kidogo."

Yangu pia bado kidogo, tena si kidogo. Usidhani nimekuandikia kukupumzisha. Nitarudi nyumbani nayo, na tutakaa chini mimi na wewe, na safari hiyo utanitazama. Lakini hapa kuna mtu anatoa kiti nje kila basi la asubuhi likipiga honi, anasema anaota jua, na magoti yenyewe hayamruhusu kukaa muda mrefu.

Nakujua, ukimaliza kusoma utatafuta kalamu. Iache hapo ilipo. Panda basi uje.

Mkeo